Hewa Ukaa, Marehemu wa Kilomita Mbili

Kwa huzuni isiyopimika kwa mizani wala kwa rula, Redio ya Shule, inayosikika bwenini, bwaloni na, upepo ukikubali, mpaka vyooni, inatangaza msiba. Wasikilizaji wapendwa, aliyetutoka ni Hewa Ukaa wa kile kituo cha umeme wa gesi kinachowasha taa zetu. Aliyeanza kulia anyamaze. Hakuacha mjane.

Marehemu alizaliwa tanurini. Mama yake ni Gesi Asilia, baba yake ni Moto. Gesi ikiungua, tunapata umeme, naye anazaliwa. Narudia: taa zikiwaka, yeye anazaliwa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupanda juu. Alitoka kwenye bomba la moshi bila kuaga, akaifunika dunia kama blanketi la bweni wakati wa joto. Dunia ikatokwa jasho.

Msemaji wa familia ni shangazi yangu, fundi wa mitambo pale kituoni. Ndiye aliyemkamata. Nilimtembelea likizo iliyopita, kwenye chumba chenye skrini ukuta mzima na kiti kinacholia ukikiegemea. Alinieleza kwamba siku hizi moshi hupitishwa kwanza kwenye mnara ambamo dawa ya maji inanyesha kama mvua. Dawa inamnasa marehemu. Kisha inapashwa moto, inamtapika, naye anabanwa na kusukumwa chini ya ardhi. Kilomita mbili. Narudia: kilomita mbili. Huko kuna mwamba wenye vitundu, na juu yake mwamba mgumu uliofunika kama kizibo.

Nikampa pole ya msiba. Akanitazama kama mtu aliyeona inzi kwenye chai.

"Nani kakwambia kafa, mwanangu? Tumemfungia tu."

Nikauliza mazishi yanagharimu nini. Akasema yanakula sehemu ya umeme uleule, maana dawa haijipashi moto yenyewe. Nikauliza, je, akitoroka? Hapo hakucheka. Akanionyesha mstari kwenye skrini, shinikizo la kule chini, ambalo hawaachi kulipima.

"Kizibo hakiaminiwi kwa sura," akasema.

Mwalimu wa kemia, mlezi wa redio hii, amekaa ubavuni pangu, kakunja mikono. Ameapa kwamba utani mmoja zaidi, maikrofoni inakwenda kwa kiranja mkuu. Ndiyo maana leo mnanisikia nina busara kama mkwe mpya. Jioni hii alitaka kuwaonyesha jambo hili kwa chupa ya soda ya chungwa, kwani hewa iliyomo kwenye soda ni huyuhuyu marehemu. Ametulia humo, fungua, anafoka. Kwa masikitiko, soda hiyo imetoweka kabatini mwa maabara. Uchunguzi unaendelea, nami nauunga mkono kwa moyo wote.

Tunampa pole mama yake, Gesi Asilia. Tunampa pole shangazi, aliyepewa kaburi la kulinda mpaka uzeeni. Nasi tutafakari, wasikilizaji wapendwa. Tukimzika ambaye hajafa, nani atakaa mlangoni siku shangazi akistaafu, na itakuwaje kizibo kiki...

Samahanini. Mlichosikia si radi. Wala si mitambo.

Mwalimu ananisogelea. Ananusa. Ananiuliza polepole, kama anayemimina asidi: "Mbona pananukia chungwa?"

Ni mimi, mwalimu. Narudia, kwa walioko vyooni: ni mimi. Niliinywa muda mfupi kabla ya kipindi, yote, nikadhani nikifunga mdomo atakaa.

Kiranja mkuu, njoo uchukue maikrofoni. Ipanguse kwanza.