Jua Lilichomoza Saa Ngapi Huko Uliko?

Wengi hukosea kwa kuisoma saa ya Rahu, pepo wa Kihindu anayemeza jua, yaani ile sehemu ya mchana isiyofaa kuanzisha jambo, kama ratiba ya treni: Jumatatu saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, popote ulipo. Bi Indumati Sapre, anayestaafu tarehe 31 Mei baada ya miaka thelathini na minane katika chumba cha hesabu cha kiwanda chetu cha kalenda hapa Kolhapur, amelisahihisha kosa hilo kwa simu kila siku ya kazi, kwa upole ambao sisi wenzake hatukubahatika kuuonja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, unaugawa mafungu manane. Jumatatu Rahu hushika fungu la pili, Jumamosi la tatu. Jua likiwahi, naye huwahi.

Dada Indu aliyafuata haya kuliko tulivyopenda. Jumamosi hakutoka nyumbani mpaka Rahu apite, akaingia kazini saa tano na robo, anatabasamu. Mkurugenzi alimwandikia barua ya onyo. Hakuipokea, kwa sababu ililetwa saa mbaya. Ekadashi, siku ya kufunga nafaka, ilipoangukia siku mbili, alifunga zote mbili, na sahani ya sago na njugu aliyofungia ingeshibisha idara nzima.

Lakini Jumatatu alimkimbia Rahu, akafika saa moja na nusu, kabla yetu sote. Ndiyo maana Jumatatu moja ya Mei alikuwepo kupokea simu ya Bwana Ghorpade wa hapa mjini, aliyempeleka mpwa wake kuoa Dibrugarh, kule Assam. Ndoa ilipangwa saa mbili na nusu. Kalenda yetu mkononi mwake ilisema Rahu yupo mpaka saa tatu na robo. Mizigo ya bwana harusi ilikuwa imeshafungwa. Bibi harusi analia.

"Mama, hawa wametutega! Tunarudi nyumbani."

"Kaka, huko jua limechomoza saa ngapi?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nimelala!"

"Basi muulize aliyekuwa macho."

Aliyekuwa macho ni mpishi, anakanda unga wa puri. Jana lilizama saa kumi na mbili kasoro kidogo, akasema, na leo limechomoza saa kumi na robo alfajiri. Dada Indu akagawa.

"Rahu wa huko anaaga sasa hivi, kaka. Huyo uliyemshika mkononi ni wa Kolhapur. Fungua mizigo."

Ndoa ikafungwa kwa wakati wake. Kila mwaka maharusi wale hutuletea boksi la pedha, vitamutamu vya maziwa, na kila mwaka sisi huliona likiwa tupu.

Tangu siku hiyo alianza daftari la macheo na machweo ya kila mji anaoupata kwa wapigaji simu. Sasa anatuachia.

Asante, Dada Indu. Siku zako ziwe za raha, na Jumamosi ulale mpaka utosheke. Barua za kukataa zimekwisha. Ila simu italia Jumatatu, na wewe hutakuwepo. Kwa hiyo, msomaji, leo jioni tazama jua likizama kwenu, kisha utupigie saa yake tuiandike katika daftari lile.