Bati Nililolipaka Rangi

Wazee, shikamooni. Akina mama, vijana, nawasalimu wote. Nimeomba kusimama leo hapa kanisani, na tafadhali msinipigie makofi, maana mlishanipigia mara moja na sikustahili.

Nyumba ninayokaa hapa Machochwe aliijenga marehemu baba, alipouza ng'ombe. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo nilibaki na nyumba, nikabaki na mama. Kutu ilikuwa imekula bati hadi ukilala chali mchana unaiona mbingu. Mvua ikinyesha tunahamisha kitanda cha mama, leo kona hii, kesho ile. Na mwaka ule tembo walikuwa wamemaliza shamba langu lote la mahindi.

Nikafanya ujinga. Nilinunua rangi nyekundu nikapaka juu ya kutu ileile, hata brashi ya waya sikupitisha. Ukiwa barabarani, nyumba inang'aa. Ndugu zangu, nawaambia, ninyi wenyewe mlisimama pale mkashangilia: "Mura, umeezeka upya! Umemheshimu mama!" Nami nikajibu asante. Asante ile ndiyo iliyonimaliza. Ningerudije kwenu kuomba bati?

Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia ndani. Mkija, viti naweka nje, uji mnanywea nje, mnanisifu eti napenda watu.

Mama macho yake yamefifia. Aliponiuliza kuhusu paa nikamwambia, "Limepona, mama."

Masika ikaja. Mchana mmoja nikiwa shambani ilinyesha mvua kubwa, bati likabomoka juu ya kitanda chake. Nilimkuta amekaa kwenye godoro lililolowa, amejifunika shuka kichwani, anatetemeka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulisema limepona." Kifua kikambana, na dada yangu akaja kumchukua, akaenda naye kwake Issenye.

Nikabaki peke yangu. Sikuwa nakula. Nasema kweli mbele yenu, nilitamani paa lote liniangukie, aibu iishe.

Ndipo akaja fundi mmoja wa Mugumu, Mwislamu, baba yake alikuwa rafiki wa baba yangu. Alikuja kumjulia hali mama, hakujua kwamba keshaondoka. Akaingia kabla sijawahi kutoa kiti. Akatazama juu, akachukua mpini wa jembe, akagusa bati kidogo tu. Mpini ukatokeza nje.

"Hii ni rangi tu, bwana," akasema. "Nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi waambie wenzako. Mimi nitapanda, ila siwezi kupanda peke yangu."

Nililia mbele yake kama mtoto.

Jumapili ile niliwaeleza wazee wetu wa kanisa. Nilitegemea kuchekwa, na mmoja alicheka kweli, kisha akauliza tunaanza lini. Tulivua bati zote. Papi, zile mbao zinazoshika bati, mchwa walikuwa wamezitafuna zikabaki unga. Kuna aliyetoa mbao zake, kuna aliyetoa bati zilizobaki alipojenga. Akina mama mlipika ugali wa muhogo kwa watu wote. Sijui nishukuruje. Yule fundi leo hayupo, lakini asante yake naisema hapahapa.

Kama kuna mtu hapa amesifiwa kwa kitu ambacho hakukifanya, akanushe leoleo. Mimi nilinyamaza, na aliyelowa ni mama.

Paa sasa ni zima. Mvua tatu zimepita, ndani pakavu. Wiki iliyopita nilipanda bodaboda hadi Issenye kumrudisha mama. Alinishika mkono, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mura, nataka sana kurudi kwangu. Lakini njoo na mtu mwingine aniambie kwamba limepona."

Kesho nakwenda tena. Naomba mmoja wenu anisindikize.