Neno "Safi" Katika Chumba cha Vioo

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Mradi wa Leza; Mkuu wa Chuo; Meneja wa Kiwanda; na ninyi ndugu zetu mliofika,

Tunawasalimu kwa heshima. Viti havitoshi, kwa hiyo sisi tutasimama. Tumezoea.

KARIBU

Karibu kwenye chumba cha vioo. Tumewahi kuandika risala mbili kwa wageni ambao hawakufika. Hii tumeifupisha, maana pumzi nazo zimepungua.

KAZI YETU

Kwanza kitendawili. Hupita ndani ya kioo bila kukivunja, lakini chembe moja ya vumbi humpoteza njia. Ni nani? Ni mwali wa leza, na mwali huo ndio kazi yetu. Miaka minne iliyopita chuo na kiwanda vilikubaliana kutengeneza kifaa cha leza cha kupima uchafu wa maji. Chuo kinachora, kiwanda kinaunda, na sisi wanane tunaandaa vioo. Kati yetu na chuo kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna geti lenye kufuli.

Vifaa vya kwanza vilirudi vyote, mwali ukitawanyika. Kiwanda kikasema michoro ina kasoro. Chuo kikasema mafundi ni wazembe. Barua zikavuka ukuta miaka miwili, mtu hakuvuka hata mmoja.

Mpaka siku mhadhiri mmoja wa kike, aliyekuja kwenye kikao cha meneja, alipotafuta choo akapotelea kwetu. Akamkuta mkubwa wetu, tunayemwita Mama Kitambaa, anasugua kioo kwa pamba.

"Mama! Unafanya nini?"

"Salamu kwanza, mwanangu. Nasafisha. Si karatasi yenu imesema kioo kiwe safi?"

"Safi maana yake kisiguswe! Juu kina utando mwembamba, ukisugua unauchubua. Unapuliza hewa tu."

"Ala! Kwetu kisichoguswa ndicho kichafu."

Mhadhiri alikaa juu ya sanduku akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Kitambaa hakucheka. Alikuwa anavikumbuka vioo vyote alivyovisugua kwa moyo wake wote.

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo tunapuliza. Vifaa kumi na vinne vimetoka, hakuna kilichorudi.

CHANGAMOTO

Lakini kabla ya siku hiyo barua ilikuwa imeshatangulia kufika mezani kwako. Inasema chumba kifungwe mwisho wa mwezi, vioo viagizwe kutoka nje, na Mama Kitambaa aondolewe kwa "uzembe". Inasubiri sahihi yako. Tumekwenda ofisi tatu kueleza habari ya neno "safi", na kila ofisi imetuambia tumeeleweka. Mgeni rasmi, tumechoka kueleweka.

MAOMBI

Tunaomba geti lifunguliwe, hata asubuhi tu, ili anayechora na anayeshika kioo waonane uso kwa uso. Tunaomba chumba kiachwe.

Tulipomuuliza Mama Kitambaa yeye anaomba nini, alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akasema, "Chumba wakifunge wakitaka. Ila lile neno walitoe kwenye barua. Wajukuu zangu siku hizi wanajua kusoma."

Kalamu iko mezani, mgeni rasmi.

Mungu akufikishe kwako salama, akupe usingizi mwema leo, na wanao wakupokee kwa furaha.

Ni sisi wanane,
Wafanyakazi wa Chumba cha Vioo