Chupa ya Vitamini za Bosi

Benchi letu liko mbele ya duka langu la kinyozi, kwa hiyo msinihadithie, nilikuwepo. Asubuhi ile Soli, fundi viatu, alikuwa amempakata Bosi, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, ambaye tangu jana alikuwa anatapika na kunywa maji tu. Shemeji yake Soli, ndiye aliyempa mbwa huyo, alikuwa ametuma ujumbe: vyakula vyako vya kupika vinamuua, jioni nakuja kumchukua. Pembeni alikaa Daktari Geti, aliyelinda geti la hospitali miaka saba akatoka na udaktari wake. Mama Buli alikuwa anamimina kahawa. Katikati yetu ilisimama chupa ndogo ya vitamini za mbwa.

Soli: Harudi! Aje na polisi, aje na jeshi, mbwa huyu harudi.

Daktari Geti: Arudi kwa lipi? Anakula vizuri kuliko mimi.

Soli: Wali, nyama, karoti. Nachemsha mwenyewe, chumvi sitii. Wa duka la mifugo akasema chakula cha nyumbani peke yake hakitoshi, ongeza vitamini. Nimeongeza! Wanataka nini tena?

Mama Buli: Wanataka ununue kile cha kwenye mifuko. Biashara hiyo, baba.

Mimi: Lakini anatapika, Soli.

Daktari Geti: Anatapika udhaifu. Vitamini zikiingia, udhaifu lazima utafute mlango.

Mama Buli: Na haya maji anayobugia?

Daktari Geti: Anasafisha njia.

Mama Buli: Zisije zikawa zimemzidi tu.

Daktari Geti: Vitamini zizidi? Umeona wapi? Zikizidi, mwili unazihifadhi kwenye mkia. Binadamu hana mkia, ndiyo maana anaumwa ovyo.

Mama Buli: Kumbe! Ndiyo maana akishiba anautikisa.

Daktari Geti: Anazikoroga, mama!

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Kicheko hicho nakijutia hadi leo, maana Bosi hakuinua hata sikio.

Hapo akafika mwanamke mmoja, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kimekatika kamba. Alimpa Soli kiatu, akaketi, akaiokota ile chupa na kuisoma taratibu.

Mwanamke: Mnampa matone mangapi?

Soli: Matano, asubuhi, kwenye chakula, kama ilivyoandikwa hapo. Kusoma najua, dada.

Mwanamke: Umeinunua lini?

Soli: Jumatatu.

Mwanamke: Leo Alhamisi. Imeandikwa ya miezi miwili. Mbona imebaki robo?

Soli anafanyia kazi barazani kwangu, hana hata kabati, kwa hiyo chupa huwa inakaa kwenye rafu yangu, karibu na mashine za kunyolea. Na Bosi anashinda hapo hapo na sisi. Nilijua ninachotakiwa kusema.

Mimi: Mimi nilikuwa nampa, ndugu yangu. Kila nikifungua duka, kifuniko kimoja. Nilidhani unasahau.

Mama Buli: Na mimi kijiko, kwenye maziwa ya mchana. Alikuwa ananiangalia vile, Soli. Ningefanyaje?

Soli: Na wewe, Daktari?

Daktari Geti: Kidogo tu. Jioni.

Soli: Kidogo gani?

Daktari Geti: Ile ya kutosha mkia.

Nilitegemea matusi. Soli hakututukana. Alimrudishia mwanamke kiatu chake, akamwomba radhi, akamfunga Bosi kwenye aproni yake ya kazi.

Soli: Nampeleka kwa daktari wa mifugo. Shemeji akinikuta huko, sawa, na bado harudi. Simameni.

Daktari Geti: Mimi nibaki nilinde benchi.

Soli: Simama! Kila mtu atasema kwa mdomo wake alimpa kiasi gani.

Tukasimama. Mama Buli aliacha buli lake kwa yule mwanamke, mimi nikafunga duka asubuhi kweupe, Daktari Geti akabeba chupa kwa mikono miwili. Njia nzima Soli alikuwa mbele, hageuki, anamwambia mbwa wake avumilie.

Daktari wa mifugo alimpapasa Bosi tumbo, akamwekea dripu ya maji kwenye mguu, ndipo akauliza mwenye mbwa ni nani.

“Mimi,” Soli akasema, akatunyooshea kidole pale tulipobanana ukutani. “Na ugonjwa wake ndio hawa.”