Mama Kivuli na Bustani ya Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka msanifu wa bustani ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Mama Kivuli. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne.

Jina hilo alipewa na wajenzi. Kabla ya kuchora hata mstari mmoja, aliweka kigoda kiwanjani akashinda hapo kutwa, akihamahama kufuata kivuli. Wajenzi wakamcheka: "Huyu mama analipwa kwa kukaa!" Naye akawajibu, "Na nyinyi kwa kucheka, tena hamjui hata kucheka."

Alitengeneza bustani nyingi. Aliyoipenda kuliko zote ni ile ya hospitali. Njia zake zilitosha viti viwili vya magurudumu kwenda sambamba. "Mgonjwa asisukumwe kama mzigo," alisema. "Aende na mwenzake, wapige soga." Aliilea miaka kumi na tisa.

Kisha ikafyekwa. Bustani ya hospitali, wasikilizaji, ilifyekwa pawe maegesho ya magari. Na aliyetia sahihi ni mdogo wake wa kiume, mwenyekiti wa bodi. Mdogo wake wa tumbo moja.

Binti wa Mama Kivuli anasimulia: "Jumapili mjomba alikula kwetu. Akaomba aongezewe chai. Hakusema neno juu ya bustani. Jumatatu asubuhi muuguzi akampigia mama simu: njoo, misumeno imeshaingia."

Alikwenda. Hakupiga kelele. Aliomba kuiona karatasi ya kibali, akaitambua sahihi. Ni yeye aliyemshika mkono mdogo wake alipojifunza kuandika. Akasema tu, "Angeniambia, ningelia. Lakini ningelia naye."

Miaka minane hawakusemezana.

Mwezi huu Mama Kivuli akalazwa hospitali hiyohiyo, dirisha likitazama maegesho. Jumatatu mdogo wake akaja. Ametueleza mwenyewe:

"Dada akaniambia, 'Kaa.' Nikakaa. Akauliza, 'Umekuja na gari?' Nikasema ndiyo, dada. 'Umeliegesha wapi?' Nikatazama dirishani. Akageukia ukutani."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi, Mama Kivuli akafariki.

Tunawapa pole binti yake na wajukuu. Tunampa pole na mdogo wake, maana naye amefiwa. Nawe unayetusikiliza, kama kuna neno unamficha mtu mnayekula naye meza moja, mwambie leo. Mwambie angali na nafasi ya kukugombeza.