Kimeu Mutie, Aliyeitwa Mwizi wa Almasi

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, shambani na kazini, tegeni sikio. Leo sifungui na muziki. Nina hasira, na afadhali mjue mapema.

Alhamisi iliyopita tulimzika Kimeu Mutie kule Ngoliba. Kimeu Mutie, sonara. Wengi mnamjua kama fundi wa pete, yule wa kibanda cha vioo karibu na soko, Thika mjini. Moyo ulimsimama akiwa na miaka hamsini na minane. Na amekufa akiitwa mwizi. Kimeu hakuwa mwizi. Nitalirudia hilo hadi mchoke.

Alizaliwa hukohuko Ngoliba. Ufundi aliuanzia kwa babake, aliyesokota mikufu ya shaba. Kutoka shaba akaingia fedha, kutoka fedha akaingia dhahabu, halafu mawe yakamteka kabisa. Mjane wake, Mbinya, ananiambia, "Huyo mtu hata kwa harusi alikuwa anaangalia pete. Bibi harusi mwenyewe haoni."

Ukienda kwake kukaziwa pete, ulipewa na somo, utake usitake. Kwamba almasi si nyeupe tu, kuna za manjano, za kahawia, hata za waridi kama zile zinazopatikana Mwadui, hapo Tanzania. Kwamba kuna ya ardhini na ya maabara, na zote ni almasi. "Ya maabara ni kuku wa gredi," alikuwa akisema. "Si wa kienyeji, lakini ni kuku." Kisha kuna moisanaiti, jiwe lingine kabisa linalong'aa sana. "Huyo sasa ni bata."

Wauzaji wengi wana kalamu ya kupimia, inayolia ikigusa almasi. Kalamu hiyo hupima joto tu, kwa hiyo hulia hata kwa moisanaiti. Kimeu aliamini lenzi. Ukilitazama jiwe kwa pembe, kingo za nyuma za moisanaiti huonekana mbilimbili. Za almasi huonekana moja moja.

Na alikuwa na sheria. Kabla hajashika kazi, mteja alitazama jiwe pamoja naye, Kimeu akachora alama zake kwenye karatasi, mteja akatia sahihi. Sheria hiyo aliivunja mara moja tu.

Mwaka juzi Awiti, Mama Eddie wa Membley kule Ruiru, alileta pete ipunguzwe. Bwana yake alikuwa amemnunulia seti nzima Nairobi, pete na herini. Mama Eddie alikuwa anachelewa mkutano wa chama cha akina mama. "Fundi, mimi nakuamini bana. Nitarudi saa kumi." Akaiacha pete, akatoka. Kimeu aliona haya kumrudisha mtu aliyesema anamwamini. Hilo ndilo kosa lake pekee, wasikilizaji.

Saa kumi Mama Eddie akarudi. Kimeu angeweza kunyamaza, pete imepungua, kila mtu aende kwake. Akasema ukweli. "Mama Eddie, samahani. Hii si almasi, ni moisanaiti. Rudi kwa duka uwaulize."

"Ati nini? Iliingia hapa ikiwa almasi! Jiwe yangu umepeleka wapi?"

Duka likaapa kwamba kalamu ililia siku ya kuuza. Bila shaka ililia! Kimeu akawekwa kituoni siku mbili. Ushahidi ukakosekana, akaachiliwa. Lakini picha yake ilikuwa imeshazunguka WhatsApp kutoka Membley hadi Theta, na chini yake maneno "mwizi wa almasi". Wateja wakakoma. Kanisani alikuwa akiongoza kwaya, akaambiwa apumzike kidogo. Hakuitwa tena. Akafunga kibanda, akarudi Ngoliba kupanda ndengu. "Kila asubuhi ananiuliza, 'Hakuna mtu amepiga simu?'" anasema Mbinya. "Alikuwa anangoja tu mtu aseme ile maneno haikuwa ya ukweli."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo damu yangu inachemka. Mwaka jana Lynn, bintiye Mama Eddie, alipeleka zile herini zikapimwe ili zikatiwe bima. Herini za seti ileile, kutoka duka lilelile. Kimeu hakuwahi kuzigusa, hakuwahi hata kuziona. Jibu likaja: moisanaiti, zote mbili. Lynn mwenyewe amenieleza haya, akilia. Basi nyumba ile ilijua. Ilijua Kimeu akiwa hai, akingoja simu, na ikanyamaza! Ni aibu, na sitatafuta neno la kulainisha.

Matangani Mama Eddie alikuja. Akamvuta Mbinya hadi jikoni, akamwambia polepole, "Mama, tulikosea. Tusamehe."

Mbinya akamjibu, "Mwizi mlisema kwa barabara. Pole ndio mnaleta jikoni?"

Na mimi je? Mimi ndiye niliyesoma tangazo la kumwita mwizi. Hapahapa, kwenye redio hii, kabla ya matokeo ya mpira. Nilisema, "Wakazi wa Thika na Ruiru, jihadharini na Kimeu Mutie." Nikaongeza na kicheko juu yake. Sikumpigia simu kumuuliza upande wake. Alipoachiliwa, sikusoma chochote. Kwa hiyo hasira hii, wasikilizaji, msidhani inaishia Membley.

Kwa Mbinya, kwa watoto, na kwa jamaa wote wa Ngoliba, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nanyi mnaonisikiliza, simu ziko mikononi mwenu. Kabla hujaisambaza picha ya mtu, jiulize kama utakimbia vivyo hivyo kuusambaza ukweli siku utakapotoka.

Mbinya hakutaka maua wala mchango wetu. Aliniomba niseme hewani, kwa sauti ileile niliyomtangaza nayo mumewe. Haya.

Wakazi wa Thika na Ruiru, Kimeu Mutie hakuiba almasi. Kimeu Mutie, fundi wa pete kutoka Ngoliba, hakuiba almasi. Hapakuwa na almasi.