Mama Tusa, Mtunzi wa Nyimbo za Filamu

Dada yetu Demetria Albano Ndunguru, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tusa, alikuja duniani asubuhi ya ukungu, tarehe 14 Agosti 1966, katika kijiji cha Litembo, Mbinga, mkoani Ruvuma. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Albano Ndunguru, katekista, na Mama Theofrida. Mama alitusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kuongea. Ukimwita, macho yake yalikuwa kwako, ila mwenyewe alikuwa mbali, anasikiliza kitu. Baba alimkuta mara nyingi kati ya mibuni, kikapu kitupu, akivumisha sauti pamoja na upepo. Hakumkemea. Alimwambia tu, "Ukimaliza kusikiliza, uchume."

Alisoma Shule ya Msingi Litembo kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha Sekondari ya Wasichana Songea, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1984. Mwaka uliofuata alikwenda Tabora kusomea uhazili. Huko alijifunza kupiga chapa bila kutazama vidole, na alisema kuwa darasa zima likigonga mashine kwa pamoja, yeye alisikia mvua ikinyesha juu ya bati la nyumbani.

Alihamia Dar es Salaam mwaka 1987, akaajiriwa kuwa karani mpiga chapa katika kampuni ya kupakua mizigo huko Kurasini. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na mitatu. Katika kwaya ya Chang'ombe alikutana na Fredrick Mwasomola, dereva wa kreni bandarini, aliyeimba besi na kukosea mara kwa mara kwa sababu alikuwa akitazama safu ya soprano. Walifunga ndoa takatifu tarehe 8 Septemba 1990, wakapanga Mtoni, Temeke. Mungu aliwajalia watoto watatu: Tusajigwe mwaka 1992, Hope mwaka 1996 na Brightson mwaka 2001.

Hope aliugua malaria, akafariki tarehe 21 Machi 1999, akiwa na miaka mitatu. Baada ya mazishi, nguo zake ziligawiwa na picha yake ikafungiwa sandukuni. Kwa miaka mitano jina lake halikutamkwa ndani ya nyumba ile. Hawakuwa wameacha kupendana. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake.

Kazi ya nyimbo ilimjia dada bila yeye kuitafuta. Jioni alikuwa akipiga chapa nyumbani, na watu wa filamu walimletea miswada yao iliyoandikwa kwa mkono. Mwaka 2003 mwongozaji mmoja wa Temeke, Mwishehe Fakihi, alileta mswada wake. Mahali fulani alikuwa ameandika, "Hapa wimbo wa huzuni," akaruka mistari kumi. Alipokuja kuchukua kazi yake, alisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akakaa.

"Sista, nani kaandika haya?"

"Mie. Uliacha nafasi tupu, nikaona vibaya."

"Sasa mbona umenitoa machozi mlangoni kwa watu?"

Nafasi ile ilizaa wimbo wake wa kwanza. Mwaka 2004 Mwishehe alimpa kazi ya pili, filamu iliyoitwa Nyumba ya Pazia la Bluu, kuhusu mama anayeendelea kumtandikia kitanda mtoto asiyekuwepo. Dada aliitazama filamu ile bila sauti, mara tatu, mimi mdogo wake Yustina nikiwa nimekaa karibu naye. Siku nne hakuandika neno. Siku ya tano alikuwa anaanika nguo uani, akaniita nimletee kalamu upesi, akaandika huku shuka ikiwa bado begani:

Lala mwana nikuone, hata uendapo mbali,
Pazia likitingishwa, nadhani umewasili.

Wimbo ulirekodiwa Kinondoni, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti za nje zisiingie. Feni ilizimwa kwa sababu ilisikika kwenye mashine, na wote tulilowa jasho. Mwimbaji alikuwa Nusaiba, binti mwenye sauti nzuri sana, lakini kila akifika kwenye pazia, wimbo ulimponyoka. Akamwomba dada, "Mama, hebu niimbie, nisikie unavyotaka." Dada akafumba macho akaimba wimbo mzima. Sijui alikuwa wapi dakika zile, hakuwa nasi. Fundi mitambo, kijana aliyeitwa Farhan, aliacha mashine inarekodi bila kumwambia mtu.

Farhan alipotusikilizisha alichorekodi, Nusaiba alivua vipokea sauti akaviweka mezani. "Mie siimbi tena," alisema. "Huu umeshaimbwa."

Dada alikataa. Aliona aibu, akasema sauti yake ni ya kanisani na ya jikoni. Alipoona wamemzidi, alikubali kwa sharti moja, kwamba jina lake kamili lisiandikwe kwenye kasha. Ndiyo maana filamu ilitoka na jina la Mama Tusa. Nyumbani hakusema lolote.

Shemeji Fredrick aliusikia wimbo huo Tandika, Jumapili moja ya Novemba, baada ya misa, alipoingia kwenye kibanda cha video kujipumzisha. Hakujua ni filamu gani iliyokuwa ikionyeshwa. Alimtambua mkewe kwa pumzi, kabla ya neno la kwanza. Alitoka kabla picha haijaisha, akatembea kwa miguu hadi Mtoni. Dada alikuwa anachambua mchele. Shemeji alikaa chini kwenye mkeka, yeye ambaye hakai chini, akauliza:

"Mama Tusa, ule wimbo ni wa Hope?"

Dada aliendelea kuchambua kidogo. "Ni wake."

"Miaka yote hii nilidhani umeshapoa. Nikasema nisikuguse kidonda."

"Na mie nilidhani hivyohivyo juu yako."

Walilia pamoja mchana kweupe, mlango wazi. Kisha shemeji alifungua sanduku, akatoa picha, akaipigilia sebuleni kwa mkono wake. Tangu siku hiyo watoto waliruhusiwa kuuliza habari za dada yao, nao waliuliza sana.

Wimbo ule ulivuma kuliko filamu yenyewe. Ulipigwa saluni na kwenye maduka, na akina mama waliokuwa hawamjui walimsimamisha barabarani kumwambia majina ya watoto wao. Aliyasikiliza yote. Daftari zake zina nyimbo za filamu thelathini na moja, na baadaye za tamthilia. Mwaka 2010 aliacha kazi ya ofisi, na mwaka 2012 familia ilihamia kwenye nyumba yao Kinyerezi.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alifanyiwa upasuaji mwezi Oktoba, akapona kidonda lakini sauti haikurudi. Ilikuwa huzuni kubwa kwetu, lakini yeye alituandikia kwenye karatasi, "Msininong'oneze. Masikio yangu mazima." Mwaka uliofuata mwongozaji Hamisa alimwomba wimbo wa tamthilia. Dada aliuandika, akamfundisha binti yake Tusajigwe kwa kidole hewani, kikipanda, kikishuka, kikitulia. Tusajigwe, ambaye hakuwahi kuimba mbele ya watu, ndiye aliyeuimba.

Ugonjwa ulirudi Januari mwaka huu wa 2025. Aliomba akae nyumbani. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi, aliandika maneno yake ya mwisho: "Anueni nguo, mvua inakuja." Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna aliyeona wingu. Tulitoka hata hivyo, kwa kumridhisha, na tukiwa bado kwenye kamba matone yakaanza. Tuliporudi ndani na nguo mikononi, saa nne na robo, Shemeji Fredrick alikuwa amemshika mkono. Alituambia, "Taratibu. Amekwenda."

Demetria ameacha mume, Mzee Fredrick Mwasomola, watoto wawili, Tusajigwe na Brightson, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wawili, mimi Yustina na Fransis. Ameacha pia watu wengi wanaoziimba nyimbo zake bila kumjua.

Bwana aliyempa sikio lile ampokee, amlaze palipo tulivu, na amani isimwishie.